Udongo wa Kona ya Shamba

Mwanhuzi, Jumapili tarehe 15 Juni. Leo ni miaka mitatu na miezi minne tangu nitoke Kasoli.

Mwanangu Minza,

Mwadila, mayu, salamu za mchana. Nakuandikia mchana, nimekalia ndoo niliyoigeuza, ndani ya banda la buibui, maana hapa ndipo penye kivuli na pasipo watu. Kesho asubuhi unaondoka nyumbani kwenda Lalago kwa shangazi yako kujifunza cherehani. Jilala, yule dereva wa gari la mbuzi, atapita hapa saa tisa akielekea Bariadi, na amekubali kuishusha bahasha hii Kasoli leo leo. Kwa hiyo nina saa tatu hivi, na mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la tano.

Ungeuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu nilishakudanganya mara moja, na nilipodanganya ilikuwa rahisi mno.

Mambo ya kuamka mapema, kufagia uwanja wa shangazi kabla hajatoka ndani, kutojibizana naye, hayo mama yako ameshakuambia na atakuambia tena kesho mkiwa barabarani mnasubiri basi. Mimi siyarudii. Mimi nina jambo moja. Wale watoto wa buibui arobaini waliokufa mwaka jana hukuwaua wewe. Niliwaua mimi, na nilijua.

Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu nikieleza kwa kifupi nitajipendelea.

Unakumbuka nilivyotoka nyumbani. Pamba ilikuwa imetukataa misimu miwili, nikaja huku kuchimba shimo la choo kwa Daktari. Yeye alikuwa daktari wa ng'ombe, serikalini, akastaafu. Wengine wakistaafu hununua ng'ombe wao wenyewe. Huyu akajenga banda, akalijaza buibui wakubwa wenye manyoya, wale wanaochimba mashimo, ambao sisi tukiwafukua shambani tunawapiga jembe bila hata kusimama. Ana kibali chake, amekitundika ukutani. Walimu huleta wanafunzi kuwaangalia. Lakini kusema kweli anawafuga kwa sababu anawapenda, kama mtu mwingine anavyopenda njiwa. Nilipomaliza choo akaja kuchungulia shimo, akasema, "Maduhu, ukuta wako umenyooka. Njoo nikuonyeshe wachimbaji wenzako." Nilidhani ananitania.

Jilala ndiye aliyekuwa ananitania. Kila akinikuta kwa mama wa chai ananipigia kelele, "Ng'wana Kasoli, zizi lako limeamkaje?"

"Mhola."

"Umekamua?"

Watu wanacheka. Mwaka wa kwanza nilikuwa namjibu kwamba zizi langu lina miguu mingi kuliko la baba yake. Siku hizi nasema mhola, salama tu, naendelea na chai.

Mtoto wa kwanza niliyepewa nimpangie makazi alikuwa mdogo kama punje ya mtama. Nilimwonea huruma. Nikachukua ndoo ya lita kumi, nikaweka udongo vidole vinne, nikachomeka na majani mabichi, nikamtia humo na panzi wachanga watatu. Niliona nimempa nafasi. Wiki mbili baadaye panzi walikuwa wamenenepa kwa yale majani, na yeye nilimkuta kwenye ukingo amejikunja, amekauka. Hakuwahi kukutana na chakula. Daktari aliichungulia ndoo akasema, "Huyu hataki uwanja. Anataka mahali akinyoosha mguu aguse ukuta."

Tangu siku hiyo natumia makopo madogo ya plastiki yanayopitisha mwanga, marefu kuliko upana wake. Udongo unajaa robo tatu ya kopo, umeshindiliwa kwa kitako cha chupa, chini una unyevu na juu ni mkavu. Juu ya udongo unaacha nafasi ndogo tu, maana akipanda ukutani akaanguka kutoka mbali, tumbo linapasuka. Mfuniko unautoboa kwa sindano iliyopashwa moto. Ukitoboa kwa msumari, panapopita msumari na yeye anapita.

Haya unayajua. La penseli ulinifundisha wewe.

Ilikuwa likizo yako ya kidato cha tatu, ulipokuja kunitembelea siku tisa. Mimi nilikuwa natoboa shimo la kuanzia katikati ya kopo kwa kidole. Ukaniangalia, ukasema, "Baba, kidole chako hicho ni mlango wa ng'ombe." Ukatoa penseli kwenye begi lako, ukaichomeka pembeni, kwa kulalia, ikaburuza kwenye ukuta wa kopo hadi chini. Ukamweka mtoto karibu na mdomo wa tundu. Kesho yake asubuhi tulikuta amelitanua mwenyewe, ametoa punje za udongo nje, na kupitia plastiki alionekana amekaa chini kabisa, amekunja miguu, ametulia.

Daktari akainua kopo kwenye mwanga. "Nani kachimba hivi?"

"Mimi, shikamoo."

"Marahaba. Kwa nini pembeni?"

"Ili nimwone bila kumfukua."

Alinigeukia mimi. "Maduhu, huyu akimaliza kidato cha nne namwandikia barua ya chuo cha mifugo kwa mkono wangu. Mimi nikiandika, wale watamsikiliza."

Siku hiyo nilikula ugali wa watu wawili. Nakumbuka hivyo kwa sababu tangu mwaka jana chakula nakula tu kwa kuwa ni saa yake.

Sasa nakuja kwenye udongo.

Mwaka jana mwezi wa kumi jike mkubwa aliangua. Tukawatenga watoto haraka, maana wakikaa pamoja wanalana, na baada ya siku za kwanza wakabaki arobaini. Daktari akawa na safari ya kwenda kwa binti yake. Akaniachia maagizo: "Wapangie makopo arobaini. Udongo uchukue nyuma ya kilima, pale ambapo hapajawahi kulimwa. Ukaange kwenye karai kuua wadudu, upoe, ndipo utumie."

Nyuma ya kilima ni mwendo wa saa mbili kwenda. Kurudi na kiroba kichwani ni zaidi. Nilikwenda mara moja. Udongo ule una mchanga mwingi, na kwenye kijiji cha jirani na kilima wapo wenye udongo wa kichuguu wa kuchanganya nao, lakini ni lazima uombe, upige jembe, utwange, uchekeche. Nilijaribu bila kuchanganya na tundu la penseli likabomoka. Nikakaa chini. Nilikuwa nimechoka, Minza. Nimetafuta sababu nyingine miezi minane na sijaipata. Nilikuwa nimechoka, nikakumbuka udongo wa kwetu unavyoshika, nikakupigia.

Maneno yetu nayakumbuka yote.

"Nichimbie viroba viwili vya udongo, umpe Jilala."

"Wa wapi, baba?"

"Kona ya shamba, karibu na lambo. Ule unashika vizuri."

"Pale ulipokuwa unaoshea bomba?"

"Pale pale. Hapana mizizi, hapana mchwa. Ni safi."

"Baba, pale hapaoti hata majani."

"Ndiyo maana nasema ni safi. Chimba, mayu, gari ni kesho."

Uliuliza mara mbili. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na minane na uliona. Mimi kwenye kona ile nilichanganya dawa ya funza wa pamba misimu kumi na minne. Nilimwaga mabaki pale, nikasuuza bomba la kupulizia pale, nikanawa miguu pale. Sisi watu wa pamba tumezoea: mahali tukipaona hapana mdudu, tunapaita pasafi. Nilikuwa naenda kuweka wadudu mahali hapo, na bado nikapaita hivyo.

Viroba vilifika. Niliukaanga ule udongo kama nilivyoagizwa. Ulipopata moto ulitoa harufu. Harufu ile naijua kuliko ya mboga ya mama yako, nimelala nayo kwenye shati miaka yote hiyo. Nikasimama na koleo mkononi. Nikajiambia ni moshi wa kuni. Nikaendelea. Nilijaza makopo arobaini, nikashindilia, nikachomeka penseli pembeni kama ulivyonionyesha, na matundu yalisimama vizuri sana. Sijawahi kupanga makopo yaliyonyooka vile.

Siku ya tatu walianza kutoka. Buibui mtoto akitoka shimoni mchana na kukaa juu, ana jambo. Walikuwa wanatetemeka miguu. Nilimwaga maji zaidi, nikafungua mifuniko, nikahamisha kumi kwenye makopo mengine ya udongo ule ule, kwa sababu ndio niliokuwa nao. Siku ya sita nilikuwa na makopo arobaini, na juu ya kila udongo kitu kimejikunja kama ngumi ndogo. Niliyapanga kwenye rafu kwa mstari. Sijui kwa nini niliyapanga.

Daktari aliporudi hakufoka. Alichukua kopo moja, akanusa. Yeye amekaa na wakulima maisha yake yote.

"Udongo huu umetoa wapi?"

"Kasoli, Daktari. Mtoto wangu ndiye aliyechimba. Nilimwambia achimbe porini, yeye akachimba shambani."

"Yule wa penseli?"

"Ndiye."

Alifunika kopo. "Nilidhani ana akili," alisema. Basi. Ulipomaliza kidato cha nne barua ya chuo hakuandika, na mimi sikumkumbusha.

Jioni yake nikapiga nyumbani. Mama yako aliweka simu sauti ya nje, nilisikia kuku. Nikasema buibui wote wamekufa kwa udongo ule, nikakuuliza, "Minza, nilikuambia uchimbe wapi?"

"Kona ya shamba, baba."

"Sikusema hivyo."

Nafikiri ungebisha ningekubali, lakini kusema kweli sijui. Hukubisha. Nilisikia mama yako akisema, "Mtoto huyu mkono wake una sumu," na mimi nikakata simu nikasingizia salio.

Yaliyofuata niliyapata kwa mama yako, kidogo kidogo. Kwamba ulijifungia chumbani siku mbili. Mimi nilisema kwenye simu mlango ufunguliwe, utolewe, ukafanye kazi. Na hapo nilikuwa nimeshaua buibui mmoja kwa jambo hilo hilo. Alikuwa ameziba mdomo wa shimo kwa udongo na utando, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikasema amekufa, nikamfukua. Alikuwa katikati ya kujivua ngozi. Mwili mpya ulikuwa laini kama ute, ukapasuka mikononi mwangu. Niliujua ubaya wa kumfukua aliyejifungia, na bado nilisema ufunguliwe.

Kwamba mama yako hakukuacha tena ushike vifaranga. Kwamba ndama alipokufa mwezi wa kwanza, uliulizwa wewe ulimgusa lini. Kwamba siku moja ulisema, "Viumbe hai basi. Nitashona, kitambaa hakifi." Mama yako alinisimulia akicheka, akaona ni maneno ya busara. Mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa. Ilikuwa kama mkono ulioulalia ukafa ganzi: unauona, unajua ni wako, lakini hauna habari na wewe. Nimekuwa hivyo miezi yote hii. Naamka, nawapa maji, nakamata panzi, nafunika makopo. Nilikuja nyumbani mara mbili kabla ya udongo ule, na baada yake sijaja. Si mbali. Ni basi moja na pikipiki.

Mama yako alinipigia Alhamisi kwamba safari ya Lalago ni Jumatatu. Nikasema sawa. Ijumaa na jana nikapita mbele ya Daktari nikasema habari za asubuhi. Leo alikuwa anawapa maji wale wadogo wa mwaka huu kwa bomba la sindano, tone moja kwenye kila ukuta wa kopo. Nikasimama mlangoni.

"Daktari, wale arobaini."

Hakuinua macho. "Wamefanya nini?"

"Mtoto aliniuliza mara mbili kama pale ni pazuri. Mimi ndiye niliyemwelekeza. Ni mahali nilipokuwa naoshea bomba la dawa."

"Ulijua?"

"Nilipoukaanga nilinusa."

Aliweka bomba chini. "Miezi minane unanipita hapa kila asubuhi, Maduhu."

"Ndiyo."

"Ungeniambia siku ile ningekukasirikia siku tatu, ya nne tungechimba udongo mwingine."

Niliingia ndani. Akasema, "Mwisho wa mwezi urudi kwenu. Si kwa sababu ya buibui. Buibui hufa. Mimi siwezi kulala mtu aliyefunga mlango huu akiwa ni wewe."

Nikasema sawa. Nilitegemea kusikia kitu moyoni, hofu au nafuu. Alipotoka, nilichukua lile bomba la sindano nikaendelea alipoishia.

Baada ya muda alirudi na karatasi. Alinipa bila kuitia kwenye bahasha ili niisome. Ni mistari mitatu. Inasema amekuona ukifanya kazi, inasema ulichokifanya na penseli, inasema chuo kikichelewa kukuchukua kitapata hasara. Akasema, "Mwambie na mimi nilimkosea. Nilikuwa na namba ya nyumbani kwake, sikumuuliza mwenyewe." Karatasi hiyo imo humu, nyuma ya barua yangu. Jilala, ambaye mdogo wake aliomba chuo mwaka jana, anasema maombi hufanywa kwa simu na bado wanapokea.

Sikuambii usiende Lalago. Nenda. Cherehani ni kazi ya heshima, na shangazi yako ameshakuandalia kitanda. Ukiona unapenda kushona, shona, na karatasi ya Daktari ikae kwenye begi. Ninachotaka ni kwamba usichague kitambaa kwa kukimbia mkono wako. Mkono wako hauna kitu. Wa kwangu ndio ulioosha bomba.

Sina mafunzo mengi ya kukupa, na niliyo nayo yamewagharimu wengine. Ukichoka, sema umechoka. Ningemwambia Daktari kwamba kilima kimenishinda, angecheka, angenitafutia punda. Na ukiuliza mara mbili, mtu mzima akakujibu haraka haraka, uliza ya tatu. Hata akiwa ni mimi. Hasa akiwa ni mimi. Atakuita mbishi, na neno hilo utaamka nalo kesho yake bila kuumwa mahali popote.

Sijakuomba msamaha kwa sababu sijui nikiomba utapata nini. Ukinisamehe bado utakuwa umepoteza mwaka. Nimeona bora nikupe kwanza kilicho chako: ukweli na karatasi.

Mama yako hajui lolote. Ukitaka kumsomea barua hii leo, msomee, sikuzuii. Hata ukimsomea, nitayasema tena mwenyewe.

Nimebakiza wiki mbili za kazi na siku chache za kukabidhi. Daktari ataleta mtu mwingine, nami nitamwonyesha kilima na njia ya kwenda na kurudi, na watoto wa mwaka huu nitawahamishia makopo makubwa kidogo, maana wamekua. Nikimaliza hayo natarajia kupanda basi la asubuhi Jumamosi tarehe 5 Julai. Litapita Lalago kabla ya saa sita, na sitashuka. Wa kwanza kuyasikia kwa mdomo wangu ni mama yako, na nataka nimwambie nikiwa bado nimesimama uwanjani, kabla hajanipa kiti wala maji. Baada ya hapo, ukiniita Lalago nitakuja kwa basi la kesho yake. Usiponiita, nitajua uko kazini, nami nitakuwa shambani. Kasoli nitafika saa tisa mchana.

Ni mimi baba yako,
Maduhu